Kenge wa Mwinjuma

Kuingia kulikuwa na afadhali. Bi Mwanahawa aligeuza mgongo, akamshika bega mkwe wake Chausiku, akajiachia, akatua kwenye kiti kama mtu aliyedumbukia shimoni. Kutoka ndiko kulikowashinda.

Gari lilikuwa la spoti, la milango miwili, bluu iliyoiva, na lilikaa chini kiasi kwamba hata paka hawakupata nafasi ya kulala uvunguni mwake. Watoto wa Mbagala Kizuiani walilipa jina la Kenge siku ile ile lilipoingia uchochoroni likitambaa juu ya mawe. Mwinjuma, mwana wa Bi Mwanahawa na mume wa Chausiku, alilinunua kwa meneja wa hoteli aliyekuwa anahama nchi, kwa bei ya kutupa, kwa kuwa kila aliyekwenda kuliona alilisifu kisha akaenda zake. Yeye hakwenda zake. Tangu hapo Kenge ndiye aliyempeleka Kurasini, kwenye ghala la dawa alikokuwa mtunza stoo. Kenge huyo huyo ndiye aliyebeba mchele, mkaa na mtungi wa gesi, na binti yao Raudha akaenda naye shule magoti yakiwa kidevuni. Sufuria za Chausiku tu ndizo zilizokataa kuingia. Chausiku alikuwa mpishi wa shughuli, pilau la harusi na la matanga, na sufuria zake zilitangulia kwa guta huku mwenyewe akifuata nyuma na gari la kifahari. Wateja wakimwona anateremka walikuwa wakitazamana, kisha wanaanza kulia hali ili wapunguziwe bei.

Asubuhi hiyo walikuwa nje ya jengo la mazoezi ya viungo, hospitalini, mbele ya mabenchi yaliyojaa watu. Bi Mwanahawa alianguka bafuni kabla ya Ramadhani akavunjika nyonga. Alipasuliwa, akatiwa chuma, na sasa ilibaki kazi ya kuufundisha mguu kutembea upya.

"Mama, nipe mikono," alisema Mwinjuma, ameinama mlangoni.

"Mikono hii hapa. Miguu ndiyo sijui imeishia wapi."

Mwinjuma akavuta, Chausiku akasukuma kutokea upande wa dereva. Bi kizee akanyanyuka kidogo, akarudi chini. Askari wa getini akaja kusaidia. Akaja pia baba mmoja aliyekuwa amefunga bandeji kichwani. Wote wakashika, mmoja kwapa, mwingine mkono, mwingine kiuno, wakahesabu, wakavuta. Bi Mwanahawa alitoka kama muhogo unavyotoka ardhini. Kanga ya chini ilinasa kwenye mkanda wa kiti ikabaki ndani, naye akasimama mbele ya watu wote na shimizi, mguu mmoja ukitetemeka, akimshika askari shingoni.

Kuna waliogeuza nyuso. Kuna waliocheka kidogo, kicheko cha kuziba mdomo. Kijana mmoja kwenye benchi la mwisho alikuwa ameinua simu.

Bi Mwanahawa alisubiri Chausiku ampe kanga, akajifunga mwenyewe, taratibu, fundo likakaa pale alipotaka. Kisha akamshukuru askari, akamshukuru na yule baba wa bandeji, mmoja mmoja. Mwinjuma hakuiona simu. Askari alikuwa ameshaanza kumwambia aliondoe gari njiani, naye alikuwa anatafuta pa kugeuzia pasipo na jiwe.

Ndani, Clara, dada wa mazoezi, alimpima mguu akatikisa kichwa.

"Bibi, unakuja na usafiri gani?"

Chausiku alifungua mdomo, mama mkwe akawahi. "Gari la mwanangu. Zuri hilo, mpaka baridi linatoa."

"Haya. Ila kumbuka, usikae mahali pa chini. Kiti kiwe juu, goti lisipite nyonga. Ukiikunja sana unaharibu tulichojenga. Na usiruke kliniki. Mguu huu ukiachwa utakakamaa."

"Nimesikia, mwanangu," alisema Bi Mwanahawa.

Chausiku naye alikuwa amesikia.

Wiki iliyofuata Bi Mwanahawa alisema kichwa kinamuuma. Wiki iliyofuata tena ilinyesha, akasema mguu wake na mvua havipatani. Mwinjuma alikuwa ameshaomba ruhusa kazini asubuhi hizo zote mbili. Alikuwa amenunua na mto mnene, akauweka juu ya kiti cha abiria, akaukalia mwenyewe kuupima.

"Utapanda juu hivi, mama. Utatoka kama malkia."

"Wiki ijayo, baba. Wiki ijayo inshallah."

Naye Mwinjuma akaondoka kwenda Kurasini, taa za nyuma zikipanda na kushuka kwenye makorongo ya uchochoro.

Siku hiyo hiyo mchana alikuja mteja, Sesilia, mwalimu anayekaa Charambe, mtoto wake akiwa anapata kipaimara. Walikaa barazani, Chausiku akamkaribisha chai, na Bi Mwanahawa alikuwa pembeni anachambua mchicha. Walikubaliana juu ya kilo za mchele na idadi ya kuku. Sesilia alikuwa mtu wa maneno mengi, na kazi ilipokwisha akatoa simu.

"Hebu oneni mambo ya mji huu. Tangu juzi nacheka peke yangu."

Ilikuwa video fupi, imewekewa muziki wa singeli. Gari la bluu, mlango wazi, wanaume wanavuta, na katikati yao mwanamke mzee anachomoka na shimizi, kanga yake imenasa kitini. Aliyeirusha aliandika chini, Bibi wa Spoti. Video ilipofika mwisho ilirudi nyuma mpaka mwanzo, bibi akaingia tena garini kinyumenyume kisha akachomoka upya.

Chausiku hakujua aangalie wapi.

"Nami nione," alisema Bi Mwanahawa.

Sesilia akampelekea simu akiwa bado na tabasamu. Bi Mwanahawa akaishika mbali kidogo na uso, kama wafanyavyo wenye macho ya uzee, akaangalia. Ilipoisha akaiacha ianze tena. Hapo ndipo Sesilia alipoiona ile kanga, rangi ya chungwa yenye korosho nyeusi, imefungwa kiunoni mwa bibi aliyekuwa mbele yake.

"Mama yangu," alisema kwa sauti ndogo. "Samahani sana. Sikujua."

"Ungejuaje?" Bi Mwanahawa akamrudishia simu. "Wamenitia na muziki."

Sesilia aliondoka bila kumaliza chai. Alimlipa Chausiku malipo yote kabla ya kazi, jambo ambalo hakuna mteja aliyewahi kulifanya, na Chausiku akayapokea huku uso unamuwaka.

Bi Mwanahawa aliendelea na mchicha wake. Baada ya muda akasema, "Mwinjuma asijue."

"Mama, lazima ajue. Mguu unakakamaa. Mie nakuona usiku unavyojivuta kwenda msalani."

"Akijua ataliuza."

"Si ndiyo vizuri?"

Bi Mwanahawa akaweka kisu chini. "Chausiku, mume wako umemkuta mtu mzima. Mie nimemkuta mtoto. Baba yake alipofariki alikuwa kidato cha pili, akaacha shule akabebe mizigo ili wadogo zake wasome. Viatu alivaa vya marehemu, vikamvuka miguuni mpaka akavijaza. Nyumba hii alijenga mie nikae. Sijawahi kumsikia anasema, mie nataka kile. Mara ya kwanza ni hilo gari. Umemwona anavyoliosha?"

Chausiku alikuwa amemwona. Kila Ijumaa baada ya sala, suruali imekunjwa, anapitisha kitambaa kwenye taa na kwenye rimu, anaimba kaswida kwa sauti ya puani. Mtu ambaye ndani ya nyumba haimbi.

"Basi twende mie na wewe kwa bajaji," alisema Chausiku.

"Mwanangu ana gari uwanjani, mie nipande bajaji? Ataelewa siku hiyo hiyo. Na majirani watamwelewesha kama hakuelewa." Akachukua kisu tena. "Mguu nimeutumia miaka mingi, mama. Yeye gari hajalitumia hata mwaka."

Chausiku hakuapa, lakini hakusema pia, na kutosema kukawa ni kuapa.

Mguu ukaanza kuwa mzito. Bi Mwanahawa aliacha kufika barazani, akawa anaishia kwenye kiti cha sebuleni. Kisha kiti cha sebuleni nacho kikawa mbali, akaomba chakula aletewe kitandani, akisema siku hizi kitanda kinamwonea huruma kuliko watu. Mwinjuma akaleta dawa ya kuchua kutoka kazini. Alimchua mwenyewe jioni, na mama akamsifia mkono.

Jioni moja Chausiku alijaribu kumwambia nusu ya jambo. Mwinjuma alikuwa amekaa ndani ya gari, mlango wazi, anasafisha dashibodi kwa mswaki mkuukuu.

"Baba Raudha, mie nadhani kiti cha humu kiko chini mno kwa mama."

"Nimeweka mto."

"Mto unabonyea. Dada wa mazoezi alisema kiti kiwe juu."

Mwinjuma alisugua tundu la kiyoyozi ambalo tayari lilikuwa safi. "Mama mwenyewe analipenda gari. Kila siku ananiambia. Ana homa za uzee tu, mvua zikiisha atakwenda." Kisha akasema bila kumwangalia, "Kila kitu humu ndani ni cha wote, mama Raudha. Sijawahi kulalamika. Hiki kimoja tu."

Hakumaliza. Chausiku alisimama pale mkono uko juu ya paa la gari, akihisi bati lilivyobaki na joto la jua. Alikuwa na maneno ya kutosha kinywani. Akayameza, akaingia ndani kugeuza maharage, na alipofunua sufuria akagundua yameungua.

Yaliyotokea Kurasini Chausiku alikuja kuhadithiwa baadaye. Ilikuwa saa ya chakula. Edgar, kijana wa kupakia maboksi, alikuwa anapitisha simu kwa wenzake, na ilipomfikia Mwinjuma akamwambia, "Braza, cheki hii. Gari kama la kwako kabisa."

Mwinjuma akaangalia. Mara ya kwanza aliliona gari. Mara ya pili aliuona mgongo wa mwanamume anayevuta, shati lake la mistari, upara mdogo unaoanza utosini. Mara ya tatu akamwona mama yake. Wanasema aliiangalia mpaka mwisho bila kupepesa, kisha akamrudishia Edgar simu yake kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha sahani.

"Huyo mama yangu," alisema.

Edgar aliifuta palepale. Lakini ilikuwa imeshatazamwa na watu wengi kuliko wakazi wa Kizuiani, na kuifuta kwake hakukubadilisha neno.

Mwinjuma aliingia nyumbani alasiri, kabla ya saa zake. Hakuvua viatu mlangoni kama kawaida yake. Alikwenda moja kwa moja chumbani kwa mama, akakaa chini kwenye mkeka, karibu na miguu ya kitanda. Chausiku alimfuata akasimama kizingitini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona mapema?"

"Kwa hiyo haikuwa mvua."

Bi Mwanahawa alimtazama, kisha akamtazama Chausiku, na Chausiku akatikisa kichwa kuonyesha hakusema yeye.

"Haikuwa," alisema Bi Mwanahawa.

"Wala kichwa."

"Kichwa kiliniuma kweli. Siku ile moja."

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ungeliuza."

"Ningeliuza siku ile ile."

"Ndiyo maana sikukwambia."

Mwinjuma akageuka kwa mkewe. Sauti yake haikupanda, na Chausiku angependelea ipande. "Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Mkakaa mnaniangalia nanunua mito."

Nje mtu alipita anauza mahindi ya kuchoma.

"Mmenificha kama mtoto anayefichwa msiba," alisema Mwinjuma. "Mama anaharibikiwa mguu, mie naosha gari. Mtaa mzima unajua, mpaka wapakizi kazini wanajua. Mlidhani ningechagua gari?"

"Mie nilijua usingechagua gari," alisema Bi Mwanahawa.

Mwinjuma aliendelea kumwangalia Chausiku, kwa sababu jibu lake yeye lilikuwa bado. Chausiku alifikiria kusema aliahidi, alilazimishwa, alimwonea huruma. Yote yalikuwa kweli na hayakutosha.

"Mie sikujua ungechagua nini," alisema. "Niliogopa kujua."

Mwinjuma akainamisha kichwa. Mkono wake ulishika kisigino cha mama yake chini ya shuka, kisigino kikavu kilichopasuka. Alipoinuka alipita mlangoni, na pale penye kubana akamgusa Chausiku begani, mguso mdogo ambao haukuwa msamaha wala haukuwa hasira. Siku ile walilala kila mmoja na ukuta wake.

Kuliuza kulikuwa rahisi kuliko alivyodhani. Isack, kijana mwenye duka la simu Kariakoo, alikuja akalizunguka, akaingia, akatoka kwa kuruka. Aliuliza linakunywaje mafuta, akaambiwa ukweli, akacheka. Hakuwa na mke, hakuwa na mama mgonjwa, wala hakukaa kwenye barabara ya mawe. Wakakubaliana alichukue Jumapili jioni. Kwa fedha ile Mwinjuma alikwishaona Noah moja kuukuu, imebonyea ubavu, mlango mmoja unafunguliwa kwa ndani tu, lakini viti vyake viko juu na nyuma yake zinaingia sufuria zote za Chausiku pamoja na jiko.

"Guta basi," alimwambia mkewe. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuongea naye kitu ambacho si cha lazima tangu siku ile.

"Guta basi," Chausiku akaitikia, na akaona haya kwa furaha aliyoisikia.

Jumapili asubuhi Bi Mwanahawa aliomba kuogeshwa mapema. Akavaa gauni lake la Idi, akajitia na wanja.

"Nipelekeni Kunduchi kwa dada yangu," alisema.

"Wiki ijayo, mama," alisema Mwinjuma. "Noah ikija."

"Leo. Na hilo hilo."

"Hapana, mama. Humo huingii tena."

"Nani kakwambia nalichukia gari? Nilichukia kutolewa. Leo sitoki."

Mwinjuma alimwangalia Chausiku, Chausiku akainua mabega. Dada wa mazoezi angekasirika, hilo walilijua wote. Wakaweka mto wa kwanza, na juu yake wa pili, wakamlazia kiti nyuma mguu ukanyooka, wakamshusha polepole kama wanavyoshusha mtoto kwenye beseni. Chausiku alijikunja nyuma, pale pa Raudha, kichwa kikigusa paa, na hapo akawaza binti yake anavumilia nini kila asubuhi bila kusema.

Mpaka barabara ya lami Mwinjuma alikwenda kwa kunyemelea, akikwepa kila jiwe. Mjini hapakuwa na foleni, siku yenyewe Jumapili. Walipovuka Mwenge barabara ikawa nyeupe mbele yao. Bi Mwanahawa alikuwa ameshika mshikio wa mlango, anatazama maduka yanavyorudi nyuma.

"Ndiyo mwisho wake huu?" aliuliza.

"Mwisho wa nini, mama?"

"Wa mbio."

Mwinjuma akatabasamu, akakanyaga kidogo. Gari likanguruma kwa sauti ambayo Kizuiani halikuwahi kuitoa. Bi Mwanahawa akasema, "Allahu akbar," kwa utulivu kabisa, na mtandio wake ukapepea mpaka ukamfunika Chausiku uso.

Dada yake, Bi Sikujua, alikuwa mkaanga samaki karibu na soko la samaki Kunduchi, mkubwa kwa umri lakini mwepesi, maisha yake yote amechuchumaa mbele ya karai. Alipoambiwa mdogo wake amefika na hateremki, alitoka anafuta mikono kwenye kanga.

"Hateremki kwa nini? Amekuwa balozi?"

"Shikamoo, mama mkubwa," alisema Mwinjuma. "Mguu."

"Marahaba, baba. Basi nitaingia mie." Na kabla hajajibiwa alikuwa amezunguka upande wa dereva, akajishusha kitini kwa pigo moja, akavuta mlango. Kisha akashusha kioo. "Chausiku, mwanangu, tuletee wale changu pale juu ya sinia. Na chumvi."

Chausiku akaleta samaki kwenye gazeti, mafuta yanachuruzika. Alimtupia jicho mumewe, ambaye hakuwahi kumruhusu Raudha hata biskuti mle ndani. Mwinjuma akampungia mkono awape. Kioo kikapanda. Kina bibi wakaanza kula na kuongea kwa pamoja, kama waongeavyo ndugu ambao hawajaonana tangu kabla ya mfungo. Kiyoyozi kilikuwa kinavuma, injini inanguruma chini chini, mafuta yanaungua bure.

Mwinjuma na Chausiku walisimama upande wa pili wa njia, kwenye kivuli cha ukuta.

"Jumatatu nitampeleka mama kwa Clara akamgombeze," alisema Mwinjuma. "Ameniambia kwa simu mguu bado unarudishika. Ila mazoezi yatamuuma mama, tutalia naye."

"Tutalia naye," alisema Chausiku.

Mwinjuma akamgeukia. "Ungeniambia, mama Raudha."

"Ningekwambia."

"Siku nyingine niambie. Hata kama naimba."

Chausiku hakujua kama mumewe anajua kwamba huwa anaimba. Akaitikia kwa kichwa.

Ndani ya gari Bi Sikujua alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, anaigiza dereva anayekata kona, na Bi Mwanahawa alikuwa amejilaza mgongo kwa kicheko, mdomo wazi, mkono wenye samaki uko juu asichafue gauni. Sauti haikutoka nje. Jua lilikuwa limepiga ubavu wa bluu mpaka mkwaruzo uliokuwa mlangoni haukuonekana.

"Miezi yote hii nimekuwa nalitazama nikiwa ndani, au nikiliosha," alisema Mwinjuma.

"Linapendeza?"

Mwinjuma akalitazama tena, kutoka taa za mbele mpaka za nyuma.

"Linapendeza," alisema.

Isack alikuwa ameshapiga simu mara moja kuuliza kama anaweza kuja mapema. Simu ikaita tena mfukoni. Mwinjuma akaitoa, akaangalia jina, akairudisha mfukoni bila kuipokea, akaegemea ukuta kuwangoja wazee wamalize samaki wao.